Aliyepotewa na Maneno Hakupotewa na Akili

(Hotuba ya ofisa uhusiano wa polisi mbele ya viongozi wa kanda, kamati za ulinzi wa jamii na viongozi wa dini katika makazi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Inachapwa hapa pia kwa ajili ya wasomaji wetu wa Karonga, Songwe na vijiji vingine vya mpakani.)



Katika vikao vyetu vya kawaida mimi huja na habari za wizi wa usiku, ugomvi wa mipaka ya viwanja na biashara haramu ya kusafirisha watu. Leo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la daktari wala si la polisi: maradhi ya lugha yanayoletwa na kudhurika kwa ubongo. Wataalamu huyaita afasia. Mtanivumilia nikikawia zaidi katika chumba cha kuandikia maelezo kuliko wodini, kwa kuwa huko ndiko kazi yangu iliko.

Tuweke mfano. Mwanamume wa miaka 50 na kitu, mzaliwa wa Fizi, ametoka hapa Dzaleka alfajiri kwenda Lilongwe, safari isiyozidi sana kilomita 50. Kufika stendi, anaanza kuyumba. Mdomo umekwenda upande. Askari anamwuliza jina, naye anajibu, “Ndiyo.” Anaulizwa anakaa wapi, anajibu, “Kesho.” Anaambiwa atoe kitambulisho; anautazama mkono wake wa kulia kama kwamba ni wa mtu mwingine, na mkono hauendi mfukoni. Watu wamekwisha kukusanyika, na kila mmoja anajua jibu: huyu amekunywa. Askari anamshika bega, naye kwa hasira anatoa tusi la Kifaransa, zima, safi, lisilo na kasoro hata moja. “Kumbe kusema anaweza!” Basi anapelekwa mahabusu, alale mpaka pombe imtoke.

Mfano huu nimeutunga mimi. Lakini hakuna kipande chake hata kimoja kisichoweza kutokea kesho asubuhi, na kila kipande kina maelezo yake katika elimu ya ubongo. Mtu yule hakunywa chochote. Amepigwa na kiharusi. Kila saa anayokaa kwenye sakafu ya mahabusu ni saa ambayo sehemu ya ubongo wake inakufa kwa kukosa damu.

Ubongo wa mwanadamu umegawanyika nusu mbili, na kwa walio wengi lugha hukaa katika nusu ya kushoto. Nusu hiyohiyo ndiyo inayotawala mkono na mguu wa kulia. Kwa hiyo mara nyingi maneno na mkono wa kulia huondoka pamoja, na ndiyo sababu yule bwana hakuweza kujibu wala kuingiza mkono mfukoni. Mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka upande huo, lugha huharibika. Pigo la kichwa hufanya vivyo hivyo: rungu, ajali ya pikipiki, risasi, kitako cha bunduki. Wako hapa Dzaleka watu waliopigwa vichwani huko walikotoka kabla hawajavuka mpaka wowote. Hilo sina haja ya kuwasimulia ninyi. Uvimbe wa ubongo na maambukizi pia huleta hali hiyo. Watu waliopatwa na kiharusi, karibu theluthi moja yao hupata kasoro ya lugha kwa kiasi fulani.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni magonjwa ya matajiri wa Ulaya. Utafiti uliofanyika Tanzania, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kiharusi katika jiji lile kilikuwa kingi kuliko katika nchi nyingi zilizoendelea. Sababu kubwa ni shinikizo la damu lisilojulikana au lisilotibiwa. Mtu hutembea nalo miaka mingi bila maumivu yoyote.

Mambo haya yalianza kufahamika vizuri mwaka 1861, huko Ufaransa, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris. Hapa nitafungua mabano kidogo: Bicêtre nayo, kabla ya wakati huo, ilikuwa pia gereza, kama ardhi hii tunayokutania leo ilivyokuwa gereza kabla ya kufanywa makazi ya wakimbizi mwaka 1994. Jina lenyewe la Dzaleka, kama wenyeji wanavyolieleza, ni kauli ya mfungwa anayeahidi kwamba hatarudia tena. Nafunga mabano. Katika hospitali ile alikuwapo mtu aliyeitwa Leborgne, fundi wa kutengeneza kalibu za viatu, aliyekaa humo miaka 21. Neno lililomtoka lilikuwa moja tu, “tan,” nalo hulirudia mara mbili: “tan, tan.” Ukimwuliza jina, tan. Ukimwuliza habari ya mguu wake, tan. Hata watu wakamwita Tan. Lakini alikuwa akielewa sehemu kubwa ya yale aliyoambiwa, na alipokasirika, tusi lilimtoka kamili. Alipofariki, daktari mpasuaji aitwaye Paul Broca aliufungua ubongo wake akakuta sehemu iliyoharibika upande wa kushoto, kwa mbele.

Mwaka huohuo Broca alimpata mgonjwa wa pili, mzee Lelong, mwenye maneno yasiyozidi matano. Mojawapo lilikuwa “tatu,” na hilo alilitumia kwa kila nambari. Aliyemsikiliza kwa sikio tu angeandika tatu, tatu, tatu, na angekuwa ameandika uongo mtupu. Maana mzee huyo alikuwa akisema “tatu” huku vidole vyake vikionyesha idadi ya kweli. Nawaomba ndugu zangu wa polisi walioko hapa wamkumbuke mzee huyo na vidole vyake. Mimi naona amewafundisha askari kuliko vitabu vingi vya upelelezi.

Miaka 13 baadaye, Mjerumani aitwaye Carl Wernicke alieleza namna nyingine ya maradhi hayahaya, iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Kwa kuwa sisi tunasema Kiswahili, nitaitolea mifano ya Kiswahili.

Mgonjwa wa namna ya kwanza husema kwa taabu kubwa, neno moja moja, kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani: “Mimi… soko… jana… pesa… ah!” Alitaka kusema kwamba jana alikwenda sokoni akaibiwa pesa. Vile vipande vidogo vya Kiswahili vinavyotuonyesha nani kamfanyia nani, na lini, vimemponyoka. Sasa fikirini tofauti ya “nilimpiga” na “alinipiga.” Ni silabi chache tu, lakini ndizo zinazotenganisha mshitaki na mshitakiwa. Mtu huyu hana silabi hizo, na askari mwenye haraka atamjazia kwa kalamu yake mwenyewe.

Mgonjwa wa namna ya pili husema kwa wepesi, sauti yake ina mpando na mshuko wa kawaida, ila maana haipo: “Nilimfungua yule wa kiti, akaniimbia mlango wa juzi, ndiyo hivyo wanavyopika.” Anaweza kusema “kibatu” akikusudia kitabu, au “kijiko” akikusudia ufunguo. Mara nyingi hajui kwamba anakosea, na yale anayoambiwa hayaelewi vizuri. Huyu ndiye anayehesabiwa kuwa mwendawazimu. Na katika makazi yenye makanisa mengi kama haya, wachungaji wangu mtaniwia radhi, wapo watakaosema amejazwa roho ananena kwa lugha, na wapo watakaosema amepagawa na pepo. Mimi si mtu wa kuamua mambo ya roho. Nasema tu kwamba mtu aliyeanza kunena hivyo ghafla, hasa ikiwa mdomo umekwenda upande au mkono umelegea, apelekwe zahanati kwanza. Maombi yanaweza kumfuata hukohuko. Kumfunga kamba na kumfungisha kula siku tatu kunaweza kumwua.

Kuna namna nyingine, nazipita. Ila kuna mambo matatu ambayo kila anayemhoji mtu kwa jina la serikali, awe polisi, ofisa uhamiaji au mjumbe wa kamati ya kanda, hana budi kuyafahamu.

Jambo la kwanza ni lile tusi. Maneno ya mazoea, yaani matusi, salamu, sala, kuhesabu moja hadi kumi, nyimbo za utotoni, mara nyingi hubaki hata lugha nyingine yote inapokwisha. Mtu asiyeweza kutaja jina la mkewe anaweza kusoma Al-Fatiha au Baba Yetu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo asemaye “nimemsikia akitukana, basi anajifanya” hajathibitisha kitu. Leborgne naye alitukana.

La pili ni maandishi. Askari mwenye nia njema humpa mtu karatasi: huwezi kusema, basi andika. Lakini afasia si ugonjwa wa ulimi wala wa koo. Ni lugha yenyewe iliyojeruhiwa, na kuandika na kusoma hujeruhiwa pamoja nayo. Hata kiziwi anayetumia lugha ya alama akipigwa na kiharusi upande huo, alama zake huvurugika. Mtu aliyekuwa mwalimu wa sekondari huko Uvira anaweza kushindwa kuandika jina lake, na bado akawa anaelewa ni saa ngapi, yuko wapi, na nani anamdhulumu.

La tatu ndilo linaloniondolea usingizi. Wagonjwa wengi wa namna hii huchanganya “ndiyo” na “hapana.” Husema ndiyo wakikusudia hapana, wengine hubaki na “ndiyo” peke yake na kuitumia kwa kila kitu. Hebu sasa mwekeni mtu huyo mbele ya meza. Ulikuwa sokoni? Ndiyo. Uliuchukua mfuko wa mahindi? Ndiyo. Ulikuwa peke yako? Ndiyo. Je, umeyasema haya kwa hiari yako? Ndiyo. Chini yake anawekewa alama ya kidole gumba, tena cha kushoto, kwa kuwa cha kulia hakinyanyuki. Karatasi hiyo itafika mahakamani imenyooka kabisa, na hakuna hata sentensi moja ndani yake iliyotoka kwa mtu yule.

Katiba ya Malawi, kifungu cha 42, inamtaka askari amweleze aliyekamatwa sababu ya kukamatwa kwake mara moja, katika lugha anayoielewa; inampa haki ya kunyamaza; inakataza kumlazimisha mtu kukiri; inataka afikishwe mahakamani katika saa 48; na inataka aliye kizuizini apate matibabu kwa gharama ya serikali. Haki hizo hazikuandikiwa raia peke yao. Tumezoea kuelewa maneno “lugha anayoielewa” kuwa ni kutafuta mkalimani wa Kiswahili au Kinyarwanda. Kwa mtu mwenye afasia, mkalimani wa kawaida hatoshi. Anatakiwa ndugu anayemfahamu, anatakiwa daktari au ofisa wa kliniki, na muda unatakiwa. Na swali la ndiyo au hapana liulizwe mara mbili kwa kugeuzwa: “Ulikuwa sokoni?” na baadaye, “Ulikuwa nyumbani?” Akijibu ndiyo kwa yote mawili, weka kalamu chini.

Sasa nije kwenye jambo linalohusu Dzaleka na mpakani kuliko mahali pengine. Hapa watu hawana lugha moja. Mtoto wa hapa huamka kwa Kibembe au Kirundi, hucheza kwa Kiswahili, hununua nyanya kwa Kichewa, na husoma kwa Kiingereza. Baba yake alisoma kwa Kifaransa. Huko Karonga nilikokulia, mtu huvuka mto Songwe akiwa na lugha tatu mdomoni, tena haoni ajabu. Je, ubongo wa mtu kama huyo ukijeruhiwa, lugha ipi itabaki?

Wanazuoni wamebishana juu ya hilo zaidi ya miaka 100. Mfaransa Ribot alifikiri kwamba lugha ya kwanza, ile ya mama, ndiyo inayodumu. Mwenzake Pitres, mwaka 1895, alisema hurudi kwanza ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Uzoefu umeonyesha kwamba hakuna kanuni inayowashika wote. Mara nyingi lugha zote huharibika na kurudi pamoja. Lakini wapo ambao moja hurudi na nyingine isirudi, na wapo wanaozichanganya katika sentensi moja bila kukusudia.

Linganisheni hayo na namna tunavyotumia lugha sisi. Katika nchi mlizozikimbia, watu wameulizwa neno moja kizuizini na kwa jibu lao wakapona au wakafa. Hapa kwetu, namshukuru Mungu, si hivyo. Lakini hata hapa lugha ni kitambulisho kabla ya kitambulisho. Tangu agizo la serikali la mwaka 2023 la kuwataka wakimbizi warejee Dzaleka, swali la “wewe ni wa wapi” limekuwa zito zaidi, na sitajifanya silijui hilo. Basi fikirini mama aliyesajiliwa kuwa Mkongo, ambaye jirani zake wamemsikia akisema Kiswahili miaka 12. Baada ya kiharusi Kiswahili kimetoweka, imebaki Kinyarwanda aliyolelewa nayo na bibi yake. Jirani atasema: tumemgundua, siku zote alikuwa akituficha. Ofisa atasema: maelezo yake ya leo hayalingani na ya mwanzo. Kumbe hakuna kilichofichwa. Damu imeshindwa kupita katika mshipa mmoja mwembamba, ikaacha lugha moja na kuzamisha nyingine.

Kwa hiyo naomba, na hili nawaambia hasa viongozi wa kanda: mtu aliyebadilika lugha baada ya ugonjwa au pigo la kichwa, jambo hilo liandikwe mapema na zahanati, karatasi iwekwe kwenye faili lake. Itamfaa siku ya mahojiano.

Nimalize na uchawi, kwa sababu likiachwa hili kamati zitalikuta njiani. Mtu akilala mzima akaamka bila maneno, familia hutafuta nani amemfunga ulimi. Mara nyingi kidole huelekezwa kwa bibi kizee asiye na mtetezi. Sheria ya uchawi ya nchi hii, ambayo ni ya tangu mwaka 1911, inahesabu kumwita mtu mchawi kuwa ni kosa. Na anayempiga au kumchomea nyumba ana makosa mengine makubwa zaidi. Sitawauliza mnaamini nini. Nitawauliza nani alirusha jiwe la kwanza, na nani alikuwa pale akanyamaza.

Watoto nao wamo. Malaria inayopanda kichwani huacha baadhi ya watoto na kifafa, na kasoro za viungo, na upungufu wa lugha. Wataalamu waliowafuatilia watoto hao Blantyre, na wenzao wa Kilifi nchini Kenya, wamelithibitisha hilo. Mtoto aliyekuwa akisema vizuri, akaugua degedege, akapona na kuwa mzito wa maneno, si mkaidi, na viboko vya shuleni havimrudishii kitu. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa hapa Malawi mwezi Aprili 2019, huko Mitundu, Lilongwe, kabla ya nchi nyingine yoyote kuianza katika mpango ule. Mtoto apelekwe akamilishe dozi zake. Na mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Kongo zinaufahamu, anaweza kupata kiharusi akiwa mdogo kabisa. Mdomo wake ukienda upande, msiseme ni baridi.

Ukimwona mtu amevurugika maneno ghafla, mwambie atabasamu, uangalie kama uso umelegea upande mmoja. Mwambie anyanyue mikono miwili, uangalie kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi. Kimoja tu kikikosekana, hiyo ni dharura. Tazama saa, uandike wakati ilipoanza, kwa maana daktari ataliuliza hilo kwanza. Usimpe maji wala chakula wala dawa, anaweza kupaliwa. Akizimia na bado anapumua, mlaze ubavu. Mpeleke kituo cha afya cha hapa, nao ndio watakaoamua safari ya Dowa au ya Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Wenye kisukari hupimwa sukari kwanza, kwani sukari ikishuka huiga haya yote na hutibika kwa dakika chache.

Na baada ya hospitali? Wataalamu wa tiba ya lugha katika nchi hii ni wachache mno, na wengi wenu hamtawaona. Kazi kubwa itafanyika nyumbani. Semeni naye kwa sentensi fupi, uso kwa uso, redio ikiwa imezimwa. Mpeni muda, hesabuni kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia neno. Mwonyesheni vitu na picha. Mwimbieni nyimbo anazozijua, kwa kuwa wengine hupata maneno kupitia wimbo. Msimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo. Maendeleo huwa ya haraka miezi ya mwanzo, lakini yapo ambao waliendelea kupata maneno hata baada ya miaka.

Jambo la mwisho ni dogo, na gharama yake ni kipande cha karatasi ngumu. Kila familia yenye mgonjwa wa namna hii imwandikie kadi ya kuvaa shingoni, kwa Kichewa, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza: “Nimeugua ubongo. Akili yangu ni timamu. Siwezi kusema vizuri. Sijalewa. Ndiyo yangu inaweza kuwa hapana. Tafadhali mpigie ndugu yangu,” na namba ya simu. Wajumbe wa kamati wenye mwandiko mzuri wawasaidie wasioandika. Nimeleta boksi la karatasi na kalamu za wino mzito, ziko pale mezani karibu na mlango. Wauguzi wa kituo cha afya nao wamekubali kukaa mpaka saa kumi kupima shinikizo la damu. Tuanze na wazee, kisha askari wangu wote wapange foleni, na mimi nitakuwa wa kwanza kati yao. Maswali nitayajibu tukiwa kwenye foleni.